Mama lishe wa Majengo, Dodoma: chumvi kidogo na chakula kina ladha, wenye wazazi wazee someni

Wenye wazazi wazee hapa Dodoma hii inawahusu. Bi mkubwa wangu ana miaka 76, ana presha, meno yamebaki machache, na tangu aje kwangu kutoka Mpwapwa kumlisha ilikua kazi. Kliniki walisema tupunguze chumvi, basi sisi tukapunguza chumvi tu bila kuweka kitu kingine, mboga ikawa kama maji ya moto, anakula matonge matatu anasogeza sahani eti kashiba. Kapungua mpaka magauni yakawa yanamvuka, kiukweli niliogopa.

Jumamosi tumetoka kununua mchicha soko la Majengo, saa saba imeshapita, njaa inauma, muuza nyanya akatuelekeza kwa mama mmoja nyuma nyuma huko, kibanda hakina hata jina, ni turubai la bluu na mabenchi. Yule mama akamsalimia bi mkubwa Kigogo, mbukwa mama, na kabla hajapakua akauliza "mama una presha au sukari?" Mi nimekula sehemu nyingi sana mji huu sijawahi kusikia mtu anauliza ivo.

Tulichukua ugali wa uwele, mlenda wa kukausha wenye karanga na mchuzi wa kuku wa kienyeji. Mlenda ndo nataka niuongelee. Hatii magadi kabisa, anasema mlenda mkavu ukiupika vizuri unavutika wenyewe, na hapo nikakumbuka nesi alishatuambia magadi nayo yana sodiamu, ileile ya kwenye chumvi inayopandisha presha. Sasa sisi nyumbani tunabana chumvi kwa kijiko halafu kwenye mlenda tunatia bonge la magadi, miezi yote hiyo! Iliniuma jamani.

Ladha anaitoa kwingine. Kitunguu anakaanga taratibu mpaka kibadilike rangi, nyanya anaziacha mpaka maji yakauke, kitunguu saumu na tangawizi anatwanga palepale, vile viungo vya vipakti hagusi maana vimejaa chumvi, na ndimu anakamulia akishaepua. Ile ndimu ya mwisho ndo inafanya usiitafute chumvi. Mtu akizeeka ulimi na pua vinapungua nguvu, ndo maana wazee wengi wanaongeza chumvi mezani, na Shirika la Afya Duniani wanasema chumvi ya siku nzima iwe chini ya gramu 5, kama kijiko kimoja cha chai, tena unahesabu mpaka ile iliyomo kwenye mkate.

Kuku kamchemsha mpaka kalainika, ya bi mkubwa akaichambua nyuzinyuzi ndani ya mchuzi bila kuombwa, na wazee nyama wanaihitaji sana, misuli yao inaisha haraka, tatizo ni kutafuna tu. Bi mkubwa alimaliza sahani yote akasema "hapa wamepika", mimi nikageuka pembeni machozi yananilenga.

Kasoro zipo. Mabenchi hayana egemeo, nilimkalia karibu nimshike mgongo. Juisi ya ubuyu ni nzuri na ubuyu una vitamini C lakini wameshaitia sukari nyingi, ya bila sukari hakuna, nilimwambia akasema atakua anatenga jagi moja, tutaona. Samaki wa kukaanga mafuta yalikua meusi, nisingempa mzee. Na wenye sukari msijidanganye kua ugali wa uwele hauna kipimo, nao ni wanga, yeye mwenyewe aliuliza kwanza ndo akakata kipande kama ngumi.

Bei ugali na mlenda 2,500, ukiongeza kuku 5,000. Mkienda na mzee nendeni saa sita kamili kabla mafundi na bodaboda hawajajaa, baada ya hapo mtasimama sana na mlenda unaisha.

Nyumbani magadi nimeshayatoa jikoni, nimenunua ndimu za 1,000, ila mlenda wangu bado haujafika kama wa yule mama, bi mkubwa kaniambia leo vitunguu nimevitoa mapema. Kesho naenda na hotpoti, kaagiza.