Dawa za Kuamsha Mbegu za Nyasi za Malisho: Ipi Inafaa Kununuliwa Nairobi?

Mfugaji wa Dagoretti, Ruai au Kasarani ana kipande kidogo cha ardhi, na mbegu za nyasi zikikataa kuota hulazimika kununua marobota ya nyasi kavu kwa bei ya kiangazi. Anaporudi kulalamika katika maduka ya pembejeo ya katikati ya jiji, hutajiwa dawa tatu za kuziamsha mbegu zilizolala, yaani zilizo hai lakini hazioti: nitrati ya potasiamu, jiberelini (homoni ya ukuaji wa mimea) na asidi ya salfuriki. Dawa hizi hazilingani hata kidogo, na kwa mfugaji mdogo ni moja tu inayostahili fedha zake.

Dawa hiyo ni nitrati ya potasiamu, unga ule ule mweupe ambao wakulima wa nyanya hutumia katika vivungulio, wenye alama 13-0-46 kwenye mfuko. Kipimo cha maabara za mbegu ni asilimia 0.2, yaani gramu 2 katika lita moja ya maji, hivyo mfuko mdogo kabisa hutosha kwa misimu mingi ukihifadhiwa mahali pakavu. Niliilinganisha na maji matupu kwa kutandaza mbegu juu ya karatasi zilizoloweshwa. Mbegu za nyasi ya Guinea zilizokuwa zimevunwa karibuni zilichipua mapema na kwa wingi zaidi kwenye nitrati, ilhali Boma Rhodes, aina ya nyasi ya Rhodes, iliyokwisha kukaa ghalani haikuonyesha tofauti yoyote ya maana. Hilo halikunishangaza, kwa kuwa usingizi wa mbegu za Rhodes huisha wenyewe miezi michache baada ya mavuno, na anayezinunulia dawa baada ya hapo anatupa pesa. Ifahamike pia kwamba nitrati hufanya kazi vizuri zaidi ikisaidiwa na mwanga pamoja na joto linalopanda mchana na kushuka usiku. Kwa hiyo mbegu hizi ndogo zisifukiwe kwa kina, bali zifunikwe kwa udongo mwembamba tu.

Lawama yangu ni kwa wauzaji wanaoupima unga huu upya katika mifuko ya nailoni isiyo na jina wala onyo. Nitrati ikiliwa kwa wingi na ng'ombe hugeuka kuwa nitriti tumboni mwake, na nitriti huizuia damu kubeba oksijeni, hali inayoweza kumuua mnyama kwa muda mfupi. Mfuko usio na maandishi ukiwekwa karibu na chumvi ya mifugo ni hatari kubwa, na singekubali kuununua hata kwa nusu ya bei. Maji yaliyobaki baada ya kuloweka nayo yasimwagwe karibu na hori.

Jiberelini sikuipenda. Ni ghali, hupimwa kwa kiasi kidogo mno ambacho mizani ya kawaida haiwezi kukipima, unga wake halisi huyeyushwa kwanza kwa alkoholi, na ikizidi kipimo miche hurefuka ikiwa myembamba na dhaifu. Ni kifaa cha maabara.

Asidi ndiyo inayohitaji maelezo marefu zaidi, kwa sababu kwa nyasi za brakiaria inafanya kazi kweli. Mbegu za brakiaria zimebanwa na maganda magumu yanayozuia hewa kukifikia kiinitete, na kampuni za mbegu huyalainisha kwa asidi kali kwa dakika chache kabla ya kuzisafisha kwa maji mengi. Hata hivyo, muuzaji mmoja alinishauri nitumie asidi ya betri ya gari. Ushauri huo ni mbaya kwa njia mbili: asidi ya betri ina nguvu ya kama theluthi moja tu ya ile inayotumiwa na kampuni, hivyo haitoi matokeo yale yale, lakini inatosha kabisa kuunguza ngozi na kupofusha macho. Mwenye kutaka Mulato II au brakiaria nyingine na anunue mbegu zilizokwisha kutibiwa na kupakwa tabaka la kinga na kampuni, na hizo asiziloweke tena katika dawa yoyote.

Duka nitakalolirudia ni lile ambalo mhudumu wake, kabla ya kuniuzia chochote, aliniuliza nyasi ni ya aina gani na ilivunwa lini. Maswali hayo mawili yana thamani kuliko dawa yenyewe, kwani mbegu iliyokufa haiamshwi na kemikali yoyote. Ndiyo maana ni muhimu kusoma tarehe na kiwango cha uotaji kwenye lebo ya mbegu zilizoidhinishwa. Kwa nyasi za ukame kama Cenchrus ciliaris, ambazo mbegu zake hufunikwa na manyoya na huweza kulala kwa mwaka mzima au zaidi, ghala kavu na subira humsaidia mfugaji kuliko dawa.

Jambo ambalo hakuna muuzaji aliyenieleza ni kwamba usingizi huu ni kinga. Mbegu zikiamshwa zote kwa pamoja, kisha mvua ya Machi inyeshe kidogo na kukatika, hakuna itakayobaki ardhini kuingojea mvua inayofuata. Kwa hiyo, anayenunua nitrati asubiri udongo uloane vizuri, aloweke nusu tu ya mbegu zake, na nusu iliyobaki aipande kavu.