Ruta ya 800 MHz nyuma ya kilima: uzoefu wangu wa miezi saba

Nyumba yetu iko bondeni karibu na Wundanyi, katika Milima ya Taita, na mnara wa mtandao ulio jirani umekingwa na mgongo wa kilima. Kwa miaka mingi, aliyetaka kutuma picha alilazimika kupanda hadi kwenye mparachichi ulio juu ya shamba. Miezi saba iliyopita nilinunua ruta ya 4G yenye bendi ya 20, yaani masafa ya 800 MHz, na sasa tunaufuata mparachichi kwa ajili ya matunda tu.

Masafa haya ni miongoni mwa yale yaliyotengewa televisheni kabla ya Kenya kuzima matangazo ya analojia mwaka 2015. Wimbi lake lina urefu wa sentimita 37 hivi, ilhali lile la 1800 MHz lina 17, kwa hiyo hujipinda kwa urahisi zaidi kukifuata kilima na halififii upesi linapopenya ukuta. Nililithibitisha hilo mwenyewe: nilipoifunga ruta kwenye 1800 MHz ilisoma −119 dBm (kipimo cha nguvu ya mawimbi, ambacho kadiri kinavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yalivyo na nguvu), ikawa inakatika kila baada ya dakika chache, nilipoirudisha kwenye 800 MHz, pale pale juu ya kabati la vyombo, ilisoma −103 na haikukatika tena.

Kero yangu ni usiku. Mchana napata megabiti 14 hadi 18 kwa sekunde, lakini ifikapo saa mbili usiku hushuka hadi mbili, kwa sababu bendi ya 20 nzima ina megahezi 30 tu za kushushia data, ambazo kampuni hugawana, wakati ile ya 1800 ina 75. Tena mnara unaofika mbali hubeba wateja wengi. Nilipopiga simu kulalamika niliambiwa niizime ruta kisha niiwashe, kana kwamba foleni iko sebuleni kwangu.

Hata hivyo naipa nyota nne. Anayetaka kununua asome kwanza orodha ya bendi iliyoandikwa kwenye boksi. Binamu yangu aliniletea simu ya bei kutoka Marekani, ambako bendi ya 20 haitumiki, na humu ndani haishiki 4G hata kidogo. Naitumia kwa Wi-Fi ya ruta hii hii.