Mtoto kuwekwa kwenye taa kwa ajili ya manjano: hakuna aliyetutajia habari ya choo

Matibabu yenyewe nayapa nyota tano. Maelezo tuliyopewa kabla ya kuanza, mbili, tena kwa kuwahurumia.

Mwanangu alilazwa akiwa wa njano mpaka nyayo. Akavuliwa nguo, akaachiwa nepi tu, akafunikwa macho, akalazwa chini ya taa za bluu. Kipimo cha bilirubini, ile rangi ya njano iliyo kwenye damu, kikaanza kushuka bila dawa yoyote. Sindano zilikuwa zile za kuchukulia damu tu. Hapo sina neno.

Shida yangu ni choo. Kilikuwa kimeshaanza kuwa cha njano, mara kikageuka majimaji, kijani kama maji ya kisamvu, na kila nikibadilisha nepi, hajakaa sawa ameshachafua nyingine. Mama mkwe akasema, "Mwanangu, huo mchango, tumtafutie dawa." Mama wa kitanda cha pili akayatilia shaka maziwa yangu. Usiku ule nililia.

Muuguzi wa zamu ndiye aliyetutoa gizani. Mwanga ukiipata bilirubini iliyo kwenye ngozi huigeuza umbo, ini likaweza kuitoa kirahisi kupitia nyongo, ikashukia utumboni. Kwa hiyo ile kijani ni manjano inatoka, na choo kulainika ni kawaida kwa watoto wengi walio kwenye taa. Dakika tano tu za maelezo! Mbona hayakuja asubuhi?

Alichokazia ni maji mwilini, maana mtoto anayapoteza kwa choo na kwa ngozi pia akiwa uchi chini ya taa. Nimnyonyeshe kila baada ya saa mbili hadi tatu, akilala nimwamshe, nimfungue macho wakati wa kunyonya. Maji ya glukosi hapana, dawa ya mchango ndiyo kabisa hapana. Wauguzi walimpima uzito kila siku na kuuliza kama anakojoa.

Makalio yalikuwa mekundu. Maji ya vuguvugu na mafuta mazito yalitosha. Bebeni nepi nyingi kuliko mnavyodhani.

Taa zilipozimwa, choo kilirudi njano taratibu. Ila mtoto akigoma kunyonya, nepi zikikaa kavu, choo kikiwa na damu, au kikiwa cheupe badala ya kijani, mwambieni daktari saa hiyohiyo. Hayo si mambo ya taa.