Mafuta ya habasoda kwa mzio wa pua: niliyoyaona kwa siku 30

Kwa miaka mingi pua yangu imekuwa ikinitesa kila niamkapo: chafya zisizokatika, kamasi nyepesi kama maji, na macho yanayowasha hadi nikayasugua yakawa mekundu. Kipimo cha ngozi kilionyesha kuwa nina mzio wa wale wadudu wadogo, wasioonekana kwa macho, wanaoishi ndani ya magodoro na mito, ambao hustawi sana katika hewa yenye unyevu kama hii yetu ya Mombasa. Setirizini, kidonge cha kutuliza mzio, hunisaidia, lakini hunilaza, nami ni mwalimu. Siwezi kusimama mbele ya wanafunzi huku nasinzia.

Ndiyo maana nilinunua mafuta ya habasoda, yale yanayokamuliwa kwenye mbegu ndogo nyeusi, chupa ya mililita 100 kwa shilingi 900, katika duka la dawa za asili huku Mji wa Kale. Sikuyanunua kwa sababu ya sifa za mtaani peke yake. Mwaka 2003 yalichapishwa matokeo ya wagonjwa 152 wenye maradhi ya mzio, waliopewa vidonge vya mafuta haya kwa kiasi cha miligramu 40 hadi 80 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na dalili zao zikapungua. Mwaka 2011, watafiti wa Iran nao waliona nafuu ya chafya, kuwashwa na kuziba pua kwa wagonjwa waliotumia habasoda. Kwa uzito wangu wa kilo 65, kijiko kimoja cha chai kwa siku kinaangukia ndani ya kiasi hicho, nami sikuzidisha.

Wiki mbili za mwanzo sikunywa mafuta, nikawa nahesabu tu chafya za asubuhi kabla ya kutoka nyumbani na kuziandika katika daftari. Zilikuwa 18 au 20 kwa siku, na setirizini niliimeza siku 9 kati ya 14. Kisha nikaanza mafuta. Ladha yake si ya mchezo: ni machungu, yanakereketa koo, na harufu yake, iliyo karibu na ya bizari nyembamba, hubaki kinywani hata baada ya chai. Nikiyanywa kabla ya kula yalinichoma tumboni, kwa hiyo nikahamia kuyachanganya na asali baada ya kifungua kinywa.

Siku kumi za kwanza sikuona tofauti. Kufikia wiki ya tatu chafya zilishuka hadi 7 au 8, na katika siku zote 30 nilimeza setirizini mara 7 tu, 5 kati ya hizo zikiwa mwanzoni. Macho, hata hivyo, yaliendelea kuwasha vilevile. Nilipoacha mafuta kwa wiki mbili, chafya zilirudi hadi 13 hivi. Nakiri kwamba masika yalikuwa yanaelekea ukingoni, unyevu ukipungua, na huenda hilo nalo lilichangia; lakini kurudi kwa chafya kumenifanya niamini kuwa mafuta yana kazi yake.

Kilichoniudhi ni duka lenyewe. Lebo inadai kuwa mafuta hayo yanaponya pumu, kisukari na saratani, na muuzaji, aliposikia kwamba mwanangu ana pumu, aliniambia, "Mamangu, mpe haya, ile inhela itupe." Akanikumbusha hadithi ya Mtume iliyomo katika Sahihi ya Bukhari, kwamba habasoda ni shifaa ya kila maradhi isipokuwa mauti. Hadithi hiyo naiheshimu kwa moyo wote, na kwa sababu hiyohiyo inaniuma kuisikia ikitumiwa kumnyang'anya mtoto dawa inayomwezesha kupumua. Inhela ya mwanangu haijaondoka mkobani.

Nitayanunua tena, ila kwa muuzaji anayekamua mbegu mbele ya mteja, kwa kuwa chupa ya pili niliyochukua dukani hapo ilikuwa nyepesi na haikuwa na ule ukali, nami nashuku ilichanganywa na mafuta mengine. Anayetumia dawa za kisukari au za shinikizo la damu azungumze kwanza na daktari wake, maana habasoda huweza kuvishusha vyote viwili, na mjamzito asiyanywe kama dawa. Anayetaka kuyapaka ajaribu tone moja mkononi kwanza, kwani wapo ambao ngozi zao huyakataa na kutoka vipele.