Boksi la kukalia na kuhifadhia kwenye boti ndogo: tazama mfereji kabla ya rangi

Ndugu watazamaji, kamwene kwa wa Iringa, Mafinga na Njombe, ndaga fijo kwa wa Kyela na Rungwe, na wengine wote karibuni. Hapa mezani kuna maboksi mawili. Yote ni ya kukalia kwenye boti ya futi 14 mpaka 16, yote ni ya plaiwudi ya milimita 12, yote yana urefu wa sentimita 110, upana 40 na kimo 32. Rangi ni moja. Yawekwe ufukweni Matema, hutajua lipi ni lipi. Lakini moja ningelitia kwenye boti inayobeba watu ninaowapenda, na jingine ningelivunja leo nikabaki na skrubu zake.

Tofauti iko chini ya mfuniko. Tutakaa hapo muda mrefu, kwa hiyo usiondoke. Kukata pembe mraba na kupiga msasa sitaeleza, fundi yeyote anajua.

Kwanza hesabu moja, maana bila hiyo utaona nakuza jambo dogo. Ndani, boksi hili lina nafasi ya karibu lita 125. Maji lita moja ni kilo moja. Boksi linalovuja taratibu, kwa mvua ya Kyela mnayoijua, linaweza kukuongezea kilo 125 na wewe umelikalia, huoni kitu. Tena maji hayo hayakai katikati. Boti ikiinama yanakimbilia upande ulioinama, yanaizidisha kuinama. Ziwa Nyasa lina urefu unaozidi kilomita 500, na Matema iko kwenye ncha ya kaskazini, kwa hiyo upepo wa kusini unapovuma, wimbi lina safari ndefu ya kukua kabla halijakufikia. Huko si mahali pa kubeba maji usiyoyajua.

Haya. Boksi la kwanza limezibwa kwa mpira wa kubandika, ule wa povu unaouzwa kwa roli kwa ajili ya milango. Ndani naweka gazeti kavu. Nafunga. Namimina ndoo ya lita 10 juu yake, polepole, kama mvua ya kawaida tu. Sogeza kamera hapa nyuma, kwenye bawaba. Sasa nafungua. Mnaona? Gazeti limelowa kwenye pembe zote mbili za nyuma, na hapa mbele kuna mstari wa maji. Mpira huu ni mpya kabisa, haujakaliwa hata mara moja!

Kwa nini unapitisha? Bawaba zina unene wake. Zinaunyanyua mfuniko kwa nyuma kidogo, mpira wa nyuma haukandamizwi sawa na wa mbele. Pili, pembeni mpira umekatwa ukaunganishwa, na pale kwenye kiungo hakuna mpira, kuna mwanya. Tatu, povu likikaliwa muda mrefu linalala, halirudi. Na kwa mvuvi kuna la nne: gamba moja la usipa, kale kasamaki ka Ziwa Nyasa, likilala juu ya mpira, maji yanafuata njia hiyo hiyo. Mwanya mwembamba haukingi maji, unayavuta. Chovya ncha ya gazeti kwenye kikombe uone maji yanavyopanda yenyewe.

Sasa boksi la pili. Halina mpira hata sentimita moja. Gazeti jipya ndani, ndoo ile ile ya lita 10. Angalieni pembe za boksi, msiangalie mfuniko. Maji hayo yanatoka! Yanatoka kwenye matundu, yanaanguka nje. Nafungua: gazeti kavu. Nanyanyua upande mmoja mpaka boksi liiname kama boti iliyopigwa wimbi ubavuni, namimina tena. Bado kavu. Hiki ndicho ninachokipenda kwenye ubunifu huu, haushindani na maji. Unayaacha yapite chini ya mfuniko, unayapokea kwenye mfereji, unayaonyesha mlango wa kutokea.

Mfereji wenyewe ni huu. Ndani ya boksi, pande zote nne, shuka sentimita 3.5 kutoka ukingo wa juu, piga mstari. Hapo weka vipande vya mbao vyenye upana wa sentimita 3 na unene wa sentimita 2, uso wa juu ukifuata mstari. Hiyo ndiyo sakafu ya mfereji. Kisha kwenye ukingo wake wa ndani gundisha vipande vya plaiwudi vyenye kimo cha sentimita 4.5: sentimita 2 zinashikana na mbao, 2.5 zinasimama juu ya sakafu. Huo ni ukuta wa ndani wa mfereji. Ukifunga mfuniko, kati yake na ukuta huo inabaki sentimita 1. Usiizibe sentimita hiyo. Ukuta ukigusa mfuniko, tone linatambaa chini ya mfuniko mpaka kwenye ukuta, linateremka ndani, na kazi yote imekufa.

Matundu yawe manne, moja kila pembe, wala si mawili ya mbele tu. Boti haikai sawa: ikiwa na injini na mtu nyuma, inalala nyuma, na maji yanajaa pembe za nyuma. Kipenyo kisipungue milimita 12. Tundu la milimita 6 au 8 linaziba kwa magamba na majani, na hata likiwa safi tone la maji linaweza kung'ang'ania humo. Tundu liwe sawa na sakafu, lisiwe juu yake, la sivyo mferejini kutabaki dimbwi. Na hapa wengi wanakosea: wanatoboa plaiwudi na kuiacha uchi ndani ya tundu. Maji yanaingia kwenye tabaka, ubao unavimba kuanzia pale. Toboa milimita 18, ziba kwa nyuma kwa selotepu, jaza epoksi, ile gundi ya kuchanganya kopo mbili, ikikauka toboa tena milimita 12 katikati yake. Sasa tundu lina ukuta wa epoksi.

Mfereji unakula nafasi. Mdomo wa boksi unabaki karibu sentimita 99 kwa 29, kwa hiyo pima kwanza kitu chako kikubwa kuliko vyote, nyavu, betri au nanga, kama kinapita.

Kuna atakayeniambia kuli boksi ya plastiki inatosha, unanunua, unakalia, basi. Kwa barafu na samaki sina ugomvi nayo. Kama kiti hapana: bawaba zake ni vipande vidogo vya plastiki, na chini ni laini, inateleza kila wimbi likija. Pipa la bluu lenye pete ya chuma ndilo mpinzani wa kweli. Halipitishi maji, kwa nguo na simu linalishinda boksi hili. Ila ni duara, hulikalii, linaviringika, na kwenye boti nyembamba linakula njia ya kupita. Mbao nzima za msindano? Ubao wa inchi 12 ulionunuliwa mbichi, ukaushushia Kyela kwenye joto, unapasuka ama unajikunja. Ndiyo maana tunarudi kwenye plaiwudi.

Na plaiwudi sisi huku tunayo mlangoni, Mafinga. Ulizia bei kule, ulizia na Mwanjelwa, sokoni Mbeya, ongeza nauli ya mzigo kabla hujaamua, maana ubao mmoja peke yake mara nyingi haulipi safari. Msidanganywe kuwa ubao mmoja wa futi 4 kwa 8 unatoa maboksi mawili ya kipimo hiki. Hautoi. Unatoa moja kamili, na kipande kinachobaki kinatosha kuta za mfereji na ka-boksi kadogo ka mbele. Kata hivi: mstari wa kwanza wenye upana wa 32 unatoa mbele na nyuma, kila kimoja sentimita 110. Mstari wa pili wenye upana wa 42 unatoa mfuniko wa 114 kwa 42 na sakafu ya 107.6 kwa 37.6. Mbavu mbili za boksi, za 37.6 kwa 32, zinatoka kwenye kilichobaki. Mfuniko unazidi sentimita 2 mbele na 2 kila ubavu, nyuma uko sawa na boksi kwa ajili ya bawaba.

Msichukue milimita 18 mkidhani ni uimara. Ubao mtupu wa 12 unakupa boksi la kilo 13 hivi. Wa 18 unaongeza nusu ya uzito huo, na bei juu. Nguvu ya kukalia inatoka kwenye papi mbili za inchi 2 kwa 1 chini ya mfuniko, zilizokatwa sentimita 27 ili ziingie katikati ya kuta za mfereji bila kugusa.

Kabla ya kulipa, omba kipande kidogo ukakichemshe. Sufuria, maji yanayotokota, saa moja, kisha kianike kikauke, kisha chemsha tena. Tabaka zikiachana, gundi yake ni ya fanicha za ndani, achana nayo. Jina la ubao si kipimo: ule mweusi unaoitwa marini bodi umetengenezwa kwa ajili ya zege. Kingo zake zikiachwa wazi unakunywa maji kama mwingine wowote, na uso wake unaoteleza haushiki gundi wala rangi mpaka uukwangue kwa msasa mkali. Na angalia kingo za ubao wowote: ukiona shimo kati ya tabaka, kuna mengine usiyoyaona. Hili kwa kweli linaniudhi, kwa sababu uso wa ubao ni mzuri, msafi, na katikati kuna pengo la kuingia kidole.

Gundi nyeupe ya mbao msiweke kwenye boti, inalainika. Rezini ya poliesta, ile ya faibaglasi, kwenye mbao haishiki vizuri, baada ya muda inabanduka kama gamba. Epoksi ndiyo yenyewe, na ndiyo inayokula pesa: kilo moja na nusu kwa boksi hili, gundi pamoja na mikono mitatu ndani na nje. Pima uwiano ulioandikwa kwenye kopo, usikadirie. Wanaotoka kwenye poliesta wana tabia ya kuzidisha hadina, ile dawa ya kugandisha, ili ikauke haraka. Kwenye epoksi hiyo hadina ya ziada haina wa kushikana naye, kazi inabaki laini, inanata. Changanya kidogo kidogo, gramu 200 kwenye chombo kipana. Ukijaza kopo refu linapata moto lenyewe, linatoa moshi, na hela imeganda.

Na baridi yetu, jamani. Juni na Julai, Mbeya, Makete, Mafinga, usiku unashuka chini ya nyuzi 10 na epoksi inalala tu. Paka saa tano asubuhi, si jioni, na weka kopo kwenye beseni la maji ya moto kabla ya kuchanganya. Kesho yake ukikuta utelezi kama nta juu, osha kwa maji na kitambaa, piga msasa, ndipo mkono wa pili. Mwisho rangi ya mafuta, kwa sababu jua linaichoma epoksi iliyo wazi.

Skrubu: milimita 4 kwa 30, za stenlesi, kila sentimita 15, zikiingia kwenye mbao zenye upana wa inchi moja na unene wa inchi moja, zilizopigwa ndani ya pembe. Boksi linakula kama 60. Zile nyeusi za jipsamu hapana kabisa, zinakatika vichwa na kutu inazila. Bawaba za rangi ya dhahabu zipimeni kwa sumaku dukani. Zikivutwa kwa nguvu ni chuma kilichopakwa rangi. Ukikosa za stenlesi, kata mpira wa tyubu ya gari upana wa sentimita 6, urefu wote wa mfuniko, ubane kwa ufito juu na chini. Haupati kutu, na ukichoka unabadilisha kwa bei ndogo.

Nimeusema sana ule mpira wa povu, nirudi kidogo. Vipande vinne vya sentimita 5 kwenye pembe vinazuia mfuniko usigonge njiani. Kwa kazi hiyo uacheni ukae.

Kuweka ndani ya boti: usipige skrubu kwenye sakafu ya boti. Boksi likae juu ya miguu miwili iliyochongwa kufuata umbo la chini, liache sentimita 3 maji ya botini yapite mpaka unapoyachotea. Likazwe kwa mikanda kwenye mbao za ubavuni, maana boti ikilala, boksi la kilo 50 na vitu vyake halitakiwi kukuangukia. Petroli isiingie humu, hata dumu dogo: mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatulia chini ya boksi ukisubiri cheche ya betri. Na jaketi za kuokolea zivaliwe, zisifungiwe humu kwa kufuli. Wala boksi hili msilihesabu kama boya. Lina mfereji na matundu, likizama chini ya maji linajaa.

Kuchonga ile miguu ifuate umbo la boti kunahitaji video yake, ndiyo inayofuata, na nitaichonga kwenye boti ya mbao, si ya faibaglasi, kwa sababu mataruma, zile mbavu za mbao ndani ya boti, yanaleta shida zake. Ukitengeneza boksi kabla ya hapo, jaribu kwa ndoo na gazeti kabla ya rangi ya mwisho. Gazeti likilowa, anza kwa kukagua ile sentimita 1 chini ya mfuniko.