Jenereta ya dizeli, na fundi aliyeniambia "umeme siyo pilau"

"Mama, umeme siyo pilau." Neno hilo nimeambiwa nyumbani kwangu Tabata, mbele ya binti yangu na wateja wawili waliofuata samaki. Aliyelitamka ni kijana aliyeletwa na duka kunifungia jenereta, na fedha zao nilishawalipa zote. Hasira haijaniisha mpaka leo.

Mimi nauza samaki. Alfajiri niko Feri, saa tatu kibua, changu na pweza wameshaingia kwenye mafriza yangu matatu. Friza lililojaa likifungwa linavumilia siku nzima bila umeme, lakini la biashara linafunguliwa kila mteja anapobisha hodi. Kile kipindi cha mgao, kabla mitambo ya Bwawa la Nyerere kule Rufiji haijaanza kuwashwa, nilimwaga samaki mara tatu. Nikavunja akiba yangu ya kikoba, nikaenda Kariakoo, mitaa ya Gerezani, nikarudi na jenereta ya kVA 20, yaani kipimo cha ukubwa wake.

Mashine yenyewe sikuwa na neno nayo. Ukigeuza ufunguo mara moja inaitika. Inazunguka mara 1,500 kwa dakika, siyo 3,000 kama vijenereta vya petroli vya vibandani, kwa hiyo mngurumo wake hauchoshi masikio. Wiki za mwanzo nililisifia duka lile kwa kila aliyenisikiliza.

Halafu usiku mmoja umeme ukakatika, nikawasha, nikageuza chenji ova, ile swichi ya kuhamisha nyumba kutoka umeme wa TANESCO kwenda wa jenereta. Taa za sebuleni ziling'aa ghafla kama za uwanja wa mpira. Runinga ikalia pa! ikatoa moshi. Wakati huohuo kule barazani mafriza yanaguguma tu, kompresa hazishiki. Nyumba moja, jenereta moja, huku umeme umezidi, kule umepungua! Nikakimbia kuzima.

Kesho yake kijana akaja mchana. Hakufungua hata boksi la chenji ova. Akasema nimezidisha vitu. Nikamuuliza: kama nimezidisha, mbona breka haikukata? Na mbona umeme wa TANESCO ukirudi, mafriza yanakwenda vizuri kabisa? Ndipo akacheka, akanitupia lile la pilau, akapanda bodaboda yake.

Swali lile ndilo lilikuwa jibu! Mzee mmoja jirani yetu, fundi umeme mstaafu, alikuja na bisibisi na mita yake. Kwanza akawasha jenereta kidogo, akapima soketi ya sebuleni: volti 318. Akazima, akafungua boksi. Nyutro ya upande wa jenereta ilikuwa inacheza, skrubu haikukazwa, waya umebabuka ukawa mweusi. Upande wa TANESCO ilikuwa imekazwa sawasawa.

"Mwanangu," akaniambia, "nyutro ndiyo njia ya kurudia." Nyumba yangu ina fezi tatu, yaani nyaya tatu zinazoleta umeme. Kutoka fezi moja hadi nyutro ni volti 230, lakini kutoka fezi hadi fezi ni 400. Nyutro ikiachia, vyombo vya fezi hii vinajikuta vimeungana na vya fezi ile, vinagawana hizo 400, na mgawo hauwi sawa: mafriza yanayovuta umeme mwingi yanabaki na volti chache, runinga na taa zinazovuta kidogo zinabebeshwa zilizobaki. Akakaza skrubu, akapima tena: 230.

Mzunguko mmoja wa bisibisi! Kwa hilo nimepoteza runinga, king'amuzi na chaja tatu, na kama mtoto angekuwa ameshika kitu sijui ningesema nini leo.

Niliapa kuandika msikanyage duka lile. Lakini niseme kweli, mwenye duka nilipompelekea picha ya ule waya hakubisha. Aliniita dada, akaomba radhi, akanilipa runinga. Moyo ukalainika, nikasema basi, duka zuri, fundi ndiye mbovu.

Nikawa nimetulia hivyo mpaka yule mzee alipopitisha kidole kwenye bomba la moshi, kikatoka na masizi yenye mafuta. Akaniuliza ni nani aliyenipimia ukubwa. kVA 20 ni kama kilowati 16, na mimi mafriza, taa na feni vyote havifiki kilowati 2. Injini ya dizeli ikikaa inafanya kazi nyepesi mno haipati joto la kutosha, dizeli haiungui yote, na masizi yanajijaza ndani. Dukani niliwatajia vyombo vyangu kimoja kimoja! Waliandika, wakaniuzia kubwa. Kwa hiyo hapana, ile sifa naiondoa.

Na yule kijana bado hajaniomba radhi. Runinga imelipwa, sawa. Yeye namtaka aje mwenyewe, palepale barazani, binti yangu akiwepo.