Mguu ulioteguka mara tatu: uzoefu wangu na fiziotherapia hapa Lamu

Mara ya kwanza niliruka kutoka kwenye mashua maji yamekupwa, nikakanyaga ngazi ya gati yenye utelezi. Mara ya pili ilikuwa mpirani. Ya tatu ndiyo ya aibu: nilikuwa nampisha punda aliyebeba mawe kwenye kichochoro cha Langoni, mguu ukashuka kwenye ukingo wa mtaro, unyayo ukapinda kwa ndani, nikaishia kukaa kwenye baraza la watu nimeshika kifundo. Punda akapita zake.

Mguu ni ule ule wa kulia. Kazi yangu ni ubaharia wa mashua za watalii, kuruka na kushuka kutwa, kwa hiyo nikaona hapa nitakosa riziki.

Nikiri kwanza nilivyojitibu awali. Siku ile ile ya gatini nilikandwa kwa maji moto na chumvi, kisha mzee mmoja akanichua kwa mafuta ya simsim huku nimeuma kanga ya mama. Usiku mguu ukajaa hata kifundo hakionekani. Mzee simlaumu, kwa mgongo mkono wake hauna mfano. Ila kano, zile nyuzi zinazounga mifupa, ikiwa imechanika saa chache zilizopita bado inavuja damu ndani, na joto na kuchuliwa kwa nguvu huzidisha uvimbe. Siku zile za mwanzo ningefunga bendeji ya mpira, niweke barafu iliyozungushiwa kitambaa, niinue mguu juu ya mito. Baada ya wiki mbili maumivu yakatoka, nikarudi baharini nikidhani nimepona.

Kliniki niliyoelekezwa baada ya kuteguka mara ya tatu ni ndogo, chumba kimoja chini, na nashukuru hakina ngazi. Dada wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi, alibonyeza mifupa ya pande zote mbili za kifundo, akanitaka nitembee hatua nne. Kama hatua hizo zingenishinda, au mfupa wenyewe ungeuma alipobonyeza, angenipeleka eksirei kabla ya lolote. Halafu akasema nisimame kwa mguu mmoja, nifumbe macho. Wa kushoto nilisimama mpaka akasema basi. Wa kulia sikufika sekunde tano, nikaikumbatia meza.

"Kaka, mguu wako haujui ulipo," akaniambia.

Akaeleza kwamba kano hazishiki mifupa tu. Ndani yake mna mishipa ya fahamu inayoupa ubongo habari kwamba unyayo umelala upande. Zikichanika, habari huchelewa, na misuli ya pembeni ya mguu inaposhtuka ili kuuzuia, umeshapinda. Kumbe ndiyo sababu mtaro mdogo vile uliniangusha.

Tulichukua wiki 12. Za mwanzo zilikuwa za kuchosha kwa urahisi wake: kuandika herufi hewani kwa kidole gumba cha mguu, kusukuma goti mbele hadi liguse ukuta bila kisigino kuinuka. Kisha kuinuka kwa vidole vya mguu mmoja. Wa kushoto 25, wa kulia 9, nikaona haya. Hakuniruhusu kurukaruka hadi hesabu zilipokaribiana. Kusimama kwa mguu mmoja nilikufanya nikipiga mswaki, na mama akipita akiniuliza, "Mwanangu, umekuwa korongo?" Mwisho kabisa akanituma kwenye mchanga wa Shela, kutembea kwanza, kisha kukimbia, kwa kuwa mchanga laini hauupi mguu pa kutegemea. Siku ya kwanza pale nililala na misuli inawaka.

Kasoro zipo. Mara mbili nilifika nikaambiwa hayupo, na hakuna aliyenipigia simu. Karatasi ya mazoezi ni nakala ya nakala, yule mtu aliyechorwa humjui anainama au anaswali. Utepe wa mpira wa mazoezi ya mguu nilioambiwa ninunue sikuupata duka lolote mjini, nikakata tyubu kuukuu ya gurudumu la mkokoteni, ikafanya kazi vizuri tu. Ada ilikuwa Sh 1,200 kwa ziara, nami nilikwenda mara tisa. Si kidogo kwa baharia msimu wa watalii wachache, lakini mara ya pili nilipoteguka nilikaa nyumbani wiki tatu bila senti.

Sasa miezi kadhaa imepita. Naruka gatini kama zamani, maji yakiwa juu au yamekupwa. Mpirani bado nafunga kifundo kwa bendeji, yule dada alisema niendelee hivyo kwa muda. Nyinyi wa Faza na Pate mnaokuja kwa boti, mwambieni mapema mnatoka mbali. Nilimkuta mama mmoja wa huko amepangiwa ziara tatu tu, na mazoezi mengine yote ya kufanya kwake.